Kichwa, daftari au simu: tarehe za nyumba umkabidhi nani?

Kila ukoo una mtu wake wa kuulizwa. Kwetu Tanga ni mimi. Binamu yangu alinipigia juzi saa moja asubuhi, salamu zenyewe nusunusu, anataka kujua mwanawe wa kwanza aliota jino akiwa na miezi mingapi, maana huyu wa pili amefikisha tisa na ufizi bado mtupu. Nikamwambia: mitano na nusu, na hukuliona, ulilisikia, ulikuwa unamlisha uji, kijiko kikagonga. Akacheka. "Dada, wewe una jini."

Sina jini. Siku zinanikaa, basi. Nikitajiwa tarehe, mara nyingi naiona siku yenyewe: ilikuwa siku gani ya juma, nani alikuwepo, nini kiliungua jikoni. Zamani nilijiona hazina. Siku hizi, baada ya kuumbuka mara mbili tatu mbele ya watu wazima, nimenunua kaunta buku, na simu yangu imejaa vikumbusho. Vitu vyote vitatu navitumia, na hakuna hata kimoja ambacho hakijawahi kuniangusha.

Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Tarehe yenye haki za watu ndani yake iende kwenye daftari. Siku inayokuja, unayotaka kukumbushwa, iende kwenye simu. Kichwa, hata kiwe kikali namna gani, kiachiwe yale ambayo hivyo viwili haviwezi kuyabeba. Aliyebaki, tuendelee.

Kichwa kikali ni kipi hasa

Ndugu yangu ni hafidhi, Kurani yote ameihifadhi kichwani. Ana juzuu 30 kifuani. Mkatie aya popote, ataipokea na kuendelea nayo. Lakini siku ya ndoa yake hunipigia mimi kuuliza, tena kwa kunong'ona, mkewe asisikie. Yeye hifadhi yake ameipata kwa kurudiarudia, na akiacha kurudia miezi kadhaa inaanza kumponyoka. Mimi yangu sikuitolea jasho, na haina msaada wowote nikitumwa sokoni: nitarudi bila bizari.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowashangaza watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Marekani. Mwaka 2000 mwanamke aitwaye Jill Price alimwandikia James McGaugh, bingwa wa mambo ya kumbukumbu, akimweleza kwamba ukimtajia tarehe yoyote tangu 1980 anaikumbuka siku hiyo na alichokifanya. McGaugh na wenzake, Elizabeth Parker na Larry Cahill, walimchunguza kwa miaka, wakachapisha matokeo 2006. Siku moja walimshtukiza: andika tarehe za Pasaka zote za Wakristo, kuanzia 1980 mpaka 2003. Pasaka huhama kila mwaka kufuata mwezi, si kama Krismasi. Aliandika zote 24, akakosea moja tu, nayo kwa siku mbili, na kandokando akaongeza alikuwa akifanya nini. Mwenyewe ni Myahudi. Sikukuu hiyo wala haimhusu. Mtu huyohuyo shuleni alikuwa wa kawaida tu, na kukariri masomo kulimsumbua kama wengine. Kichwa cha namna hii kinashika siku za mwenye kichwa. Za jirani na za vitabu hakizijali sana.

Mimi si wa daraja hilo. Ukitaka kujua wewe uko wapi, usijipime kwa harusi na misiba mikubwa, hiyo kila mtu anaikumbuka. Mpe mtu simu yako afungue meseji za miamala, achague tarehe 10 za kawaida za miaka mitatu minne nyuma, akuulize: ilikuwa siku gani, ulikuwa wapi, hela ulimtumia nani, za nini? Hao wa Irvine nao walikuwa wakiwapima watu kwa tarehe 10 za kuokoteza. Kabla ya kuanza nilijitapa nitapata tisa. Nilipata sita.

Na nitoboe siri. Hii ya kutaja siku ya juma papo kwa papo, nusu yake ni hesabu. Tarehe 4 Aprili, 6 Juni, 8 Agosti, 10 Oktoba na 12 Desemba huangukia siku moja ya juma kila mwaka. Mwaka 1999 zote zilikuwa Jumapili. Kwa hiyo 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, ni siku nne mbele ya Jumapili, yaani Alhamisi. Shika siku hiyo moja ya kila mwaka, na shangazi zako wataanza kukutazama kwa jicho jingine.

Ikiwa unachotaka ni tarehe yenyewe

Hapa ndipo nilipoumbukia.

Mume wa shangazi yangu alifariki Jumatatu, 13 Machi 2017, usiku baada ya Isha. Nilikuwepo. Nakumbuka tulizima feni ili tusikie pumzi zake, na kikombe cha chai ya maziwa kilichosahaulika dirishani mpaka kikafanya utando. Shangazi akaingia eda, kipindi cha mjane cha miezi minne na siku kumi. Miezi ilipokaribia kutimia, mpwa wangu akahesabu kwa simu: 13 Machi, ongeza miezi minne, ongeza siku kumi, 23 Julai. Mambo yakaanza kupangwa. Mpishi akaambiwa, ndugu wa Pemba wakakata tiketi za boti. Nami nikatia muhuri kwa sauti ya mjuzi: ndiyo, Jumatatu ile, tarehe 13, nakumbuka mpaka chai.

Baba mkubwa hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na daftari lake, gamba jeusi, kona nyekundu, akavaa miwani, akatusomea: "Usiku wa kuamkia Jumanne, mfungo tisa."

Mfungo tisa ni mwezi wa tisa baada ya Ramadhani. Tukatazamana. Kwa hesabu ya kwetu siku haianzi saa sita usiku, inaanza jua likizama. Marehemu alifia ndani ya Jumanne. Mzee akikwambia "usiku wa Jumanne" anakusudia ule ambao kijana wa leo anauita Jumatatu usiku, na watu wawili wanaweza kubishana mpaka futari juu ya usiku mmoja. Kubwa zaidi, eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Miezi minne ya kalenda ya ukutani ni siku 120 hadi 123. Minne ya mwandamo kwa kawaida ni kama 118. Shehe alipohesabu upya siku ikarudi nyuma, na wa Pemba ikabidi wabadilishe tiketi. Simu ilijumlisha vizuri, ila kwa kalenda isiyo ya eda. Mimi nilikuwa na feni, na utando wa chai, na pumzi za mgonjwa, na sikuwa na kile kimoja kilichotakiwa.

Baba mkubwa hana kumbukumbu ya ajabu. Anasahau miwani yake kichwani. Alichofanya ni kuandika usiku uleule, kabla ya kulala, bila kujua kama kuna siku ataulizwa. Ndiyo nguvu ya daftari, na ni ileile ya kadi ya kliniki na ya kurasa za mwisho za misahafu ya zamani, ambako wazee waliandika kuzaliwa kwa watoto wao. Kuzaliwa, kufariki, ndoa, talaka, mkopo, zamu ya mchezo na kiasi alichopokea kijumbe: yote hayo yakingojea kichwa cha mtu, hata changu, mnatafuta ugomvi.

Kasoro ya daftari ni mkono unaoandika. La baba mkubwa lina wanawe wa kiume wote, na saa walizozaliwa. Mabinti zake wawili wa kwanza hawamo. Mmoja nimemwandika mimi kwa kadi yake ya kliniki. Wa pili kadi ilipotea, nikaandika alivyonieleza mama yake, na pembeni nikatia neno "kasema mama", ili atakayesoma ajue tarehe nimeiokota wapi.

Ikiwa unachotaka ni yale madogo

Hapa kichwa kinashinda, tena kwa mbali.

Mjomba wangu alifariki 21 Juni 2006. Daftari linasema "Jumatano, alasiri", basi. Binti yake alikuwa na miaka miwili. Alipokuwa mkubwa akaja kuniuliza baba yake alikuwaje siku ile, na daftari lisingeweza kumjibu. Nikamwambia: asubuhi alikaa barazani na redio ya mkulima mapajani, wewe umesimama katikati ya miguu yake unazungusha kitufe cha sauti, kila akirekebisha wewe unaharibu, na hakukasirika. Alinituma betri mbili dukani. Nilipomrudishia chenji akasema, "Kaa nayo, utanunulia ubuyu." Alitaka redio iwe tayari usiku, asikilize mpira wa Kombe la Dunia, Ivory Coast wanacheza. Walishinda 3-2. Nyumbani kwetu redio ile, na betri zake mpya, haikuwashwa.

Tarehe ya mechi niliihakiki baadaye, na ni desturi ninayoipendekeza kwa kila mwenye kichwa kama changu: tafuta kitu cha nje cha kufungia kumbukumbu yako, kitu ambacho wengine waliandika. Mechi, uchaguzi, mvua kubwa, risiti ya saruji. Maana kichwa hakikuambii kinapodanganya. Miaka mingi nilisimulia harusi ya binamu, Jumamosi ya 27 Desemba 2003, na jinsi mama wa bwana harusi alivyoingia na kanga ya kijani yenye jina "Wema hauozi". Niliona pindo, niliona rangi, nilisikia vigelegele. Albamu ilipotoka kabatini, mama wa watu yumo ndani ya gauni la rangi ya dhahabu. Kanga ile aliivaa kwenye arobaini ya bibi, na picha yake ipo. Kichwa changu kilihamisha kanga kutoka msibani kikaipeleka harusini, wala hakikuona haya.

Nilijifariji niliposoma kwamba hata mabingwa wanaanguka. Mwaka 2013 Lawrence Patihis na wenzake walichapisha utafiti wa watu 20 wenye kumbukumbu ya aina ya Jill Price. Walisomewa maneno yanayozunguka jambo moja, kisha wakaulizwa juu ya neno la jirani lisilokuwemo. Wakasema lilikuwemo, sawasawa na watu wa kawaida. Wakapenyezewa habari za uongo juu ya picha walizoonyeshwa, wakazimeza pia. Basi ukimkuta mtu anaapa kwa sababu anakumbuka mpaka rangi ya kanga, rangi ya kanga isiwe ushahidi wako.

Ikiwa unataka kukumbushwa kabla

Simu. Sina la kuongeza sana. Daftari halipigi kelele, na kichwa changu ni hodari wa siku zilizopita, si zinazokuja: mwaka juzi nilimkumbusha kila mtu siku aliyozaliwa dada yangu, mwenyewe nikashtuka saa nne usiku sijampigia. Weka kikumbusho siku mbili kabla, si siku yenyewe, ili upate nafasi ya kutafuta zawadi au nauli. Mambo ya mwezi mwandamo usiyaache yajirudie yenyewe kila mwaka. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo kikumbusho cha hitima ulichokiweka kwa tarehe ya kizungu mwaka jana, mwaka huu kitakuja umeshachelewa.

Kitochi nacho kina kengele na kalenda. Si lazima simu janja.

Kipi kinapotea vibaya zaidi

Simu ikitumbukia kwenye ndoo, imekwenda, isipokuwa kama mambo yako umeyahifadhi kwenye akaunti na nywila unaikumbuka. Daftari lina mchwa, lina mvua, lina mtoto na kalamu yake. Lakini hupotea kidogokidogo: ukurasa wa kwanza, kisha kona, na mwenye macho anaweza kunakili kabla. Kichwa huondoka chote kwa mpigo. Bibi yangu alikuwa hivi nilivyo mimi, mara mbili. Alijua nani alizaliwa mwaka wa njaa gani, nani alimnyonyesha nani, na kwa hiyo nani hawezi kumwoa nani. Hatukuandika. Tulidhani tunaye.

Je, ujifunze kuwa na kichwa kikali?

Naulizwa sana, hasa na vijana wa vyuo. Jibu ni ndiyo, lakini ujue unachojifunza. Ile mbinu ya kale ya kupanga mambo ndani ya nyumba inafanya kazi. Chukua nyumba unayoijua: baraza, mlango, ukumbi, chumba cha mama, ua, jiko. Kila mahali weka kitu kimoja unachotaka kukikumbuka, tena kwa picha ya vituko, halafu pita kichwani ukiviokota. Mwaka 2017 Martin Dresler na wenzake walichapisha matokeo ya watu wasio na kipaji chochote waliofanya mazoezi hayo nusu saa kila siku kwa wiki sita. Kabla walikumbuka wastani wa maneno 26 kati ya 72, baadaye 62. Nami nilijaribu kwa orodha ya sokoni. Bizari niliimwaga kitandani kwa mama. Haijasahaulika tena.

Lakini hiyo ni ya orodha, hotuba, majina ya mkutano. Haitakurudishia Jumanne ya miaka saba iliyopita ambayo hukuipanga chumbani. Ukitaka siku zako zikukae, andika mistari miwili kila usiku. Jill Price mwenyewe aliandika shajara kwa miaka mingi. Kwangu, siku nilizoziandika ndizo hata kichwani zimekaa vizuri zaidi.

Gharama ambayo haiandikwi

Simu haikuonyeshi yaliyopita mpaka uifungue, na daftari likifungwa limefungwa. Kichwa hakina gamba. Jill Price alisema watu wanaiita hali yake kipawa, yeye anaiita mzigo. Kule Moscow, tangu miaka ya 1920, mwanasaikolojia Alexander Luria alimfuatilia mwandishi wa habari Solomon Shereshevsky, ambaye alishindwa kusahau hata akawa anaandika mambo kwenye karatasi na kuzichoma moto, huenda yakaondoka na majivu.

Kwangu hayajafika huko. Imefika kwenye ndoa. Jioni moja nilimkumbusha mume wangu kwamba ni mara ya tatu hampitii mama kliniki, nikamtajia tarehe zote tatu, na shati alilovaa mara ya pili. Alinyamaza, akaweka kijiko chini. "Haya hakimu. Na zile nilizompitia?" Nikazitafuta. Sikuwa na hata moja. Alikuwa amempitia mara kumi na kitu, na kichwa changu kilichagua tatu.

Kwa hiyo kama wewe ndiye kalenda ya ukoo, jiulize pia unawatunzia watu nini. Daftari walau linamlazimisha mwandishi achague mbele ya macho yake.

Ningechagua vipi

Kama nyumba ina mzee mwenye kumbukumbu na hakuna maandishi, usinunue programu yoyote ya simu. Nunua kaunta buku wiki hii, kaa naye alasiri wakati hajachoka, anza na vifo na vizazi, na kila tarehe umwulize jua lilikuwa limezama au bado. Sauti yake mrekodi kwa simu. Ndiyo kazi nyingine ambayo simu inaiweza kuliko wote.

Kama kichwa kikali ni chako, endelea kujibu simu za asubuhi, lakini jibu ukiwa na daftari mkononi, na useme wazi lipi umelisoma na lipi unalikumbuka tu. Heshima haikupungua nilipoanza kufanya hivyo. Kilichopungua ni ubishi.

Kama mko wawili tu mjini, hamna wazee karibu na maisha ni ya kukimbia, simu inatosha kwa ya kila siku, ila zile tarehe nne tano za maana ziandikeni mahali pasipohitaji chaji.

Na uandishi wenyewe usiwe mkavu. Weka siku, tarehe, wakati, aliyesema, na kitu kimoja kidogo. Binamu alinipigia tena jana, nikiwa na kalamu tayari, na nimeandika hivi: "Ijumaa jioni, kabla ya Magharibi. Mtoto wa pili kaota jino, chini, kushoto. Miezi tisa na siku kumi na moja. Kasema mama yake, kwa simu. Halikugonga kijiko. Kalijua aliponyonyesha."